Mwalimu Apewa Hongera

Wiki hii nilikuwa kwenye ofisi ya wakala wa nyumba hapa Malindi, nikingoja zamu yangu nyuma ya mwalimu mkuu wa shule ya mtaani. Alikuwa amepandishiwa kodi ya nyumba yake jirani na shule na alitaka kujua sababu.

"Shule yenu imekuwa nzuri, mwalimu," wakala akasema kwa upole. "Wazazi wanagombania nyumba za pale."

"Na nani aliyeifanya nzuri?"

"Wewe, maashallah." Wakala akainuka, akampa mkono kwa mikono miwili. "Hongera sana."

Mwalimu akautazama mkono wake kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. "Kodi hiyo siiwezi. Itabidi nihamie mbali, kule Kakuyuni, niwe nafika vipindi vya asubuhi vimeshapita. Shule si itaanguka?"

"Itaanguka, ndiyo," wakala akakubali, bila wasiwasi wowote. "Hapo kodi itashuka, nawe utarejea."

Mwalimu akatoka bila kuaga. Mpaka leo natafuta kosa katika hesabu ya yule wakala, na silioni.

Kisha wakala akanigeukia mimi. Niliona haya kumwambia shida yangu: nilitaka nyumba karibu na shule ile, maana nimesikia mwalimu mkuu wake ni hodari.