Taa Iliyomkonyeza Mama

Mama alinipigia simu kutoka Izigo kuishtaki taa ya sebuleni. "Mwanangu, nikiizima ndiyo inaanza kunikonyeza. Mimi mjane wa watu, inanitakia nini?"

Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimempelekea balbu mbili za LED, moja ya sebuleni na nyingine ya chumbani kwake, pamoja na swichi ya kisasa yenye kitaa chekundu ili aione gizani. Sisi tunaoishi mjini Bukoba haturudi nyumbani mikono mitupu, na mdomo mtupu ndiyo kabisa. Niliifunga swichi ile sebuleni huku nikimhutubia kuhusu maendeleo. Alinisikiliza, akaichukua swichi ya zamani, akaitia kwenye kopo.

Jumamosi nikapanda gari kutoka Rwamishenye, mjini, hadi kwa mama nikiwa na testa, bisibisi na video tatu za mtandaoni kichwani. Nilifunga madirisha, sebule ikawa giza mchana kweupe. Nikazima taa. Kweli, ikaanza: inawaka kidogo, inazima, inawaka tena. Nikaileta balbu ya chumbani sebuleni, ya sebuleni nikaipeleka chumbani. Iliyohamia chumbani ikatulia. Iliyohamia sebuleni ikakonyeza.

"Basi balbu hazina kosa," nikatangaza kama daktari bingwa. "Ni nyaya. Nyaya za nyumba hii zimechoka. Nitaleta fundi azing'oe zote."

Mama aliacha kumenya ndizi.

Nyaya zile alizitandaza tata, baba yangu, kwa mikono yake, mwaka umeme ulipofika kwetu. Zinapita juu ya ukuta, zimebanwa kwa klipu nyeupe zilizonyooka kuliko mistari ya daftari langu la shule, naye alipenda kulisema hilo mbele ya wageni. Tangu tumzike, mama huzifuta vumbi kila Jumamosi, kuanzia mlangoni hadi chumbani. Nililijua hilo. Testa ilinisahaulisha.

"Mwana waitu, mwanangu," akasema taratibu, "nyaya za chumbani alipitisha nani?"

"Tata."

"Na balbu?"

"Ni zilezile."

"Na swichi?"

 Lile kopo lenye swichi ya zamani lilikuwa mezani. Alikuwa ameliweka pale tangu asubuhi, kabla sijafika.

Nikazima umeme wa nyumba nzima, nikairudisha swichi ya zamani, nikawasha tena, kisha nikazima taa ya sebuleni. Ikatulia tuli. Kumbe kale kataa kekundu kalikuwa kakipitisha umeme kidogo hata swichi ikiwa imezimwa, na balbu za siku hizi hushtuka kwa kitu kidogo. Nikaanza kumweleza mama hayo yote.

"Usinieleze mimi," akasema. "Uliyemsingizia yuko nje."

Kaburi la tata liko kibanjani, hatua chache kutoka dirishani, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Nikaenda na bisibisi mkononi. Niliona aibu, na nilimkumbuka kuliko siku tuliyomzika.

"Tata, nyaya zako ni nzima," nikanong'ona. "Kosa ni la swichi yangu."

Mama akafungua dirisha. "Sema kwa sauti! Masikio yake yalikuwa mazito."

Nikarudia kwa sauti. Nililia kabla sijalifikia neno swichi.