Bunduki Iliyopiga Kando

Siku ya kwanza kazini nilitegemea kuwa dereva. Tulikuwa makurutu wa polisi tumepangwa mstari uwanjani, jua la utosini, na Sajini wa Ghala akapita mbele yetu akiuliza nani amewahi kushika tupa. Niliinua mkono, kwa sababu kule Machakos nilikuwa nimefanya kazi kwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli.

"Ulikuwa unapiga tupa nini?" akaniuliza.

"Ekseli, afande."

"Basi wewe si dereva. Nifuate."

Hivyo ndivyo nilivyoingia ghala la silaha, na kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu.

Vijana wakisikia nilikuwa fundi wa silaha hudhani nilikuwa mtu wa kufyatua risasi. Siku nyingi nilikuwa na mikono ya mafuta na kitambaa begani. Tulisafisha mitutu, tukabadilisha springi zilizochoka, na tukaziro. Kuziro ni kurekebisha vilengeo, vile vyuma vidogo juu ya bunduki ambavyo jicho huangalizia, ili risasi ifike pale jicho lilipoangalia. Bunduki isiyorekebishwa hivyo haina faida kwa askari, na ni hatari kwa anayepita njia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kaskazini, mahali pa upepo na mchanga. Mchanga uliingia kwenye chai, kwenye blanketi na kwenye mitutu. Mkubwa wetu alikuwa Inspekta mmoja mpole aliyependa kukaa karakanani kwetu akitazama kazi. Siku moja Koplo wa zamu alikuja akilalamika kwamba bunduki yake inapiga kushoto. Niliikagua nikaiona nzima. Inspekta aliichukua, akalala chini, akapiga katikati ya shabaha. Kisha akamwambia Koplo apige yeye, na sote tukaona kwamba Koplo alikuwa anafumba macho kabla ya kufyatua.

"Hii haina spana yake," Inspekta aliniambia. "Mpe chai, kisha mrudishe uwanjani taratibu."

Baada ya kaskazini nilipelekwa chuo cha mafunzo, nikafundisha makurutu, halafu nikahamishiwa Nairobi kwenye maabara ya silaha. Huko kazi ilibadilika. Sikutengeneza tena. Nilichunguza bunduki zilizohusika na kesi, nikaieleza korti zilivyo na zinavyofanya. Nilipanga chumba na mke wangu na binti yetu Mwende huko Kabiro, Kawangware, kwenye ploti ya mama mmoja aliyezaliwa hapo hapo, kwenye shamba la babake. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Njoroge, kwa hiyo sote tulimwita Mama Njoroge. Njoroge alikuwa fundi wa ujenzi, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Mwende alipougua pumu, ni yeye aliyembeba mgongoni hadi zahanati mvua ikinyesha, maana hakuna gari lililokubali kuingia kwenye tope lile.

Ndipo ikaja kesi ya Kibera.

Huko Kisumu Ndogo, mmoja wa mitaa ya Kibera, kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma aliyeitwa Otieno. Wezi walikuwa wamemvunjia karakana mara kwa mara, naye akajitengenezea bunduki. Haikuwa ile ya kienyeji ya risasi moja. Hii ilijipakia yenyewe: ukifyatua moja, nyingine inaingia. Nimeona bunduki nyingi za kujitengenezea, na nyingi ni takataka. Hii ilifanywa na mtu mwenye mkono.

Njoroge alikuwa amemwagizia Otieno geti la nyumba aliyokuwa akijenga, na geti halikuingia mahali pake. Wakagombana. Siku ya tatu ya ugomvi huo Njoroge alirudi na vijana wawili wa mjengo kulichukua geti kwa nguvu. Ilikuwa mchana, akina mama wakianika dagaa wa omena ng'ambo ya njia. Otieno akaingia ndani, akatoka na bunduki, akafyatua mara moja. Njoroge alipigwa kifuani akafia pale pale.

Otieno aliwaambia polisi kwamba alikuwa anamtishia tu. Upande wa mashtaka ulisema alikusudia kuua. Bunduki ililetwa kwenye meza yangu.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Maabara nikamwambia marehemu ni mtoto wa mwenye nyumba wangu, na kwamba afadhali mwingine aifanye kazi hiyo.

"Mwingine yuko kwa likizo ya ugonjwa," alisema. "Na hii Nairobi, Mutua, kila maiti ni jirani ya mtu. Nitawaambia mawakili unamjua. Fanya kazi."

Mawakili wa pande zote waliambiwa, na hakuna aliyepinga.

Niliibana bunduki kwenye jiliwa la chuma, ili mkono wa mtu usiingie katika hesabu, nikailekeza mahali pamoja na kuifyatua kwa kamba. Risasi zilitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Moja juu, moja kando, nyingine iliingia kwenye karatasi ikiwa imelala ubavu, ishara kwamba ilikuwa inapinduka hewani. Bunduki ileile, ikiwa imetulia tuli, haikupiga mahali pamoja mara mbili.

Jaji alitaka kuona jambo hilo kwa macho yake katika uwanja wa shabaha, mbele ya mawakili. Siku chache kabla ya hapo Mkuu wa Maabara aliniita ofisini. Alikuwa mtu mzuri, naye alikuwa amezika mdogo wake aliyepigwa risasi na majambazi. Alifunga mlango.

"Hiyo kitu ikienda hivyo ilivyo, huyo jamaa atatoka," aliniambia. "Wewe ni fundi. Inyooshe kidogo. Ipige mahali inaangalia."

"Afande, nikiinyoosha itakuwa bunduki yangu. Aliyeshtakiwa ni mwingine."

"Unakula chumvi ya huyo mama, na unaongea hivyo?"

"Ndiyo sababu naogopa kuigusa, afande."

Akafungua mlango. Hakunitisha wala hakunitafutia makosa baadaye. Lakini tangu siku hiyo hatukunywa chai pamoja tena.

Uwanjani bunduki ilifanya kama ilivyofanya mezani kwangu. Mwendesha mashtaka aliuliza kama inaweza kuua. Nikasema inaweza kumuua yeyote aliye mbele yake. Wakili wa Otieno akasimama haraka.

"Kwa hiyo mteja wangu hakumlenga marehemu?"

"Sijui alilenga nini," nilijibu. "Bunduki hii haiwezi kutuambia."

Otieno hakupatikana na hatia ya mauaji. Alifungwa kwa kuua bila kukusudia na kwa kuwa na silaha haramu.

Jumapili iliyofuata Mama Njoroge alikuja mlangoni kwetu, kitambaa cha kanisa bado kichwani. Alikataa kukaa.

"Baba Mwende, mimi sitaki maneno ya korti. Nataka kujua kitu moja tu. Mtoto wangu alilengwa ama hakulengwa?"

"Sijui, Mama."

"Ulikaa na hiyo bunduki hiyo miezi yote, na hujui?"

Hakutufukuza, lakini hakutusalimia tena, na mke wangu hakuweza kuvumilia kuchota maji kwenye mfereji mmoja na mtu asiyemsemesha. Tulihamia upande wa Kongo, kule kule Kawangware, nikaendelea na kazi mpaka umri wa kustaafu.

Sasa natengeneza cherehani. Ni kazi ya springi na mafuta vilevile, ila wateja wake huja wakiwa na furaha zaidi. Vijana huniuliza kazi yangu ilinifunza nini. Ilinifunza kwamba chuma hueleza kilichotokea, na hapo kinanyamaza. Nilizoea kunyamaza pale chuma kiliponyamaza, na sikuona ubaya wake.

Mwaka huu, asubuhi moja, mtu mwenye mvi alisimama mbele ya kibanda changu. Sikumtambua mpaka aliposema jina lake. Otieno alikuwa ametoka jela kitambo, amerudi Kisumu Ndogo, anachomelea tena madirisha.

"Nimekuja kukushukuru, mzee," alisema. "Ulisema ukweli."

"Nilisema sijui."

Aliinamisha kichwa akaangalia cherehani iliyofunguliwa mezani.

"Nilimlenga," akasema polepole. "Nilimlenga mguu. Nilitaka akae chini tu, aache kuja. Hiyo kitu ikampiga kifua."

Nilimwambia aketi, lakini hakuketi. Alipoondoka nilizima redio nikabaki nikifikiria. Kama bunduki ile ingekuwa imenyooka, Njoroge angekuwa leo mtu wa makamo anayechechemea.

Jioni hiyo hiyo, jua halijazama, nilikwenda Kabiro. Ploti imejengwa ghorofa, lakini Mama Njoroge bado anaishi chini, mlango wa kwanza. Amezeeka, na macho yake yana ukungu. Nilimwambia ni Baba Mwende, na kwamba nimeleta jibu la swali lake. Nikamweleza yote, kama nilivyoelezwa.

Mama Njoroge alivuta kiti cha plastiki kilichokuwa kando yake akanisogezea.

"Mguu gani?" akauliza.

Sikuwa nimemuuliza Otieno. Kesho yake nilikwenda Kisumu Ndogo kumuuliza.