Nilisema Goti la Mke Mwenzangu ni Zima

Admin, jina langu libaki kwako, maana huku mtaani kwetu Cheyo wananijua, na wengi wananiita bibi mwenye huruma. Nina miaka sabini na mitatu, mjane. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, sitaki wajukuu walione hili.

Wakati wa Ujamaa tulihamishiwa kijiji cha tumbaku, upande wa Urambo, mimi na mke mwenzangu, nimwite Nyamizi. Mimi mke mkubwa nilikuwa na mabinti wawili. Yeye kaolewa juzi tu, akazaa dume, na mume wetu akawa hamuoni mwingine. Nilimchukia hadi anavyotafuna.

Wanawake tulibeba kwa zamu kuni za bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Msimamizi wa zamu nilikuwa mimi. Mgonjwa aliruhusiwa kukaa na kufunga majani kwenye fito. Siku moja Nyamizi akateleza na mzigo, goti likavimba kama papai. Mwenyekiti wa kijiji aliponiuliza mkutanoni nilijibu, "Goti zima lile. Anakwepa kazi, kazoea kudekezwa." Wakamzomea, wakamwita kupe. Akabeba kuni misimu miwili, analia njia nzima, nami nyuma nikimhimiza. Sitawadanganya, nilifurahi.

Leo tunaishi ua mmoja, na Nyamizi hatembei, anajiburuta kwa makalio. Mwanawe, nimwite Masanja, ni mtafiti wa magoti Dar es Salaam. Wanatoa seli shina kwenye uboho wa nyonga, wanazikuza maabara, kisha wanazipandikiza gotini ili gegedu lililolika, ule mto ulio kati ya mifupa, liote upya. Bado ni majaribio. Mwezi uliopita alitupiga picha za magoti sote wawili, maana na yangu uzee umeyala.

"Mama mkubwa," akaniambia, "wewe unafaa, gegedu lako limebaki kiasi. La mama limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Na haya yote niliyasomea kwa ajili yake."

Akalia mapajani mwangu. Mimi! Nikampapasa kichwa.

Anaamini goti la mama yake liliharibika alipoanguka kisimani. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo. Nikamfuata chumbani, nikamwambia nataka kumweleza mtoto ukweli.

"Ukimwambia nitakukana, dada," akasema taratibu. "Nitasema umezeeka, akili imeruka. Nenda katibiwe. Nataka upone, uwe unapita mbele yangu kila asubuhi na miguu yako mizima, mimi niko chini, na mwanangu anakupenda."

Keshokutwa Masanja anakuja kunichukua. Nikikataa ataniuliza sababu. Nikienda, nitapona kwa mikono ya mtoto ambaye mama yake nilimlemaza. Nikisema, mama yake ataniita mwongo, na safari hii watu watamwamini yeye.

Nishaurini wanangu, nifanye nini? Ila msiniambie nimwombe msamaha. Nilimwomba palepale, nimepiga magoti na yananiuma. Akayatazama, akasema, "Goti zima hilo."