Radi na Vidole Visivyosomeka

Jina la Radi hakujipa mwenyewe. Alipewa na wafungwa, kwa sababu alipoita majina uwanjani asubuhi, kunguru waliruka kutoka juu ya paa la jiko, na watu wa mtaa wa pili walitoka nje kuangalia mawingu. Alikuwa askari wa magereza mwenye mwili wa haja, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusimamia wafungwa waliogonga kokoto nyuma ya gereza. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuwa na kubembelezana. Jiwe linapigwa, linapasuka, basi.

Ndipo ikaletwa mashine ya vidole.

Iliyoileta ni aibu. Siku moja liliitwa jina la mfungwa aliyemaliza kifungo chake. Mwenzake, ambaye bado alikuwa na miaka chungu nzima, akaitika "Naam!" kwa sauti kavu, akatoka getini akiwapungia askari mkono. Kesho yake mwenye jina akajitokeza kudai haki yake, akaambiwa ameshaondoka.

"Nimeondokaje na niko hapa?" aliuliza.

Wakubwa wakakaa, wakaamua: kuanzia sasa mfungwa atatambuliwa kwa alama za vidole, si kwa kuitika.

Fundi wa mashine alikuwa binti mwenye miwani, mpole, anayeogopa kukanyaga watu miguu. Aliweka kisanduku cheusi juu ya meza ya mapokezi na kuwasha taa yake. Wa kwanza kuitwa alikuwa nyapara, yaani mfungwa anayewaongoza wenzake, mzee mchangamfu aliyefungwa kwa kuuza kiwanja kisicho chake kwa watu wawili tofauti. Akaweka kidole gumba.

"Kidole hakisomeki," ikasema mashine kwa sauti ya kike, tamu. "Tafadhali jaribu tena."

Nyapara akakipuliza kidole, akakifuta kwenye kaptura, akarudisha. Kidole hakisomeki. Akaweka cha kati. Hakisomeki. Akaweka mkono mzima.

"Afande, huyu dada hanitaki," alimlalamikia Radi.

Wa pili akakataliwa, wa tatu vilevile, na foleni nzima ya wagonga kokoto ikaambiwa ijaribu tena. Binti fundi akashika mkono wa nyapara, akaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kioo. Mawe yalikuwa yamekula alama zote.

"Dawa yake ni ndogo," alisema. "Wapumzike kugonga mawe, na mikono ipakwe losheni asubuhi na jioni. Isuguliwe taratibu. Ngozi itarudi."

"Tukiwapa chupa wataiuza kwa sigara," alisema mkuu wa gereza. "Askari awapake." Kisha akatazama upande wa Radi.

Radi akageuka nyuma kuona anayetazamwa ni nani. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Basi akawekewa kiti na ndoo ya losheni pale uwanjani alipozoea kusimama na filimbi. Losheni yenyewe ilinukia waridi. Siku ya kwanza alipaka kama anayefunga nati za lori, na mfungwa mmoja aliyewahi kupigana na mbwa wa polisi akalia machozi. Binti fundi akamfundisha tena, polepole: kiganja kwanza, halafu kidole kimoja kimoja kuelekea kwenye kucha. Radi alinuna siku mbili tatu. Baadaye, bila kutaka, mkono ukazoea. Akajua nani ana kiungo kilichoteguka na nani hupenda kusuguliwa katikati ya kiganja. Kuna aliyesinzia. Kuna aliyeanza kumweleza matatizo ya shemeji yake.

"Nyamaza, hapa si saluni!" alinguruma Radi.

"Sawa, afande. Ila kidole cha pete umekiruka."

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mkewe alimpokea mlangoni, akasita, akanusa hewa.

"Baba Pacha, lete mkono."

Akauleta. Mkewe akaunusa, akauminya. Ulikuwa laini kama wa mtoto.

"Nani huyo?"

"Nani tena? Ni kazi. Nawapaka wafungwa losheni."

Mkewe akaunusa tena. "Ungesema una mwanamke ningekuelewa upesi zaidi."

Asubuhi akajifunga kanga, akamfuata mpaka getini, akasema haondoki mpaka aonyeshwe. Mkuu wa gereza aliona heri amani, akamruhusu aingie. Mama Pacha akakuta uwanja mzima umejaa wanaume wenye makovu na mabega mapana, wamekaa mistari mistari, mikono mbele, viganja juu, wakisubiri zamu. Na pale mbele mume wake, ulimi nje kidogo kwa umakini, anasugua kidole gumba cha nyapara.

Alicheka mpaka akashika nguzo. Akacheka tena njia nzima ya kurudi.

Ila vidole havikupona. Binti fundi alirudi kupima, na mashine ikaendelea na wimbo wake. Akaongeza muda wa mapumziko, akarudi, hali ni ile ile. Radi akaanza kukosa usingizi. Kazi aliyoidharau sasa ilikuwa inamuuma. Alikuwa amewapaka watu wale kwa moyo.

Mchana mmoja akapita nyuma ya bafu, akasikia kwaruu, kwaruu, kwaruu. Akachungulia. Nyapara na wenzake walikuwa wamechuchumaa wakisugua vidole kwenye saruji ya ukuta kama watu wanaonoa visu.

"Mnafanya nini?"

"Tunasali, afande," alisema nyapara, akiruka wima.

"Kwa vidole gumba?"

Nyapara akaficha mikono mgongoni. "Afande, nikudanganye nini. Vikisomeka, tunarudi kwenye mawe. Na tangu nimekuwa mtu mzima, kila aliyenishika mkono alikuwa ananifunga pingu. Wewe umenishika taratibu. Tuliona tusiharakishe."

Radi alifungua mdomo apige ile sauti yake, haikutoka. Alijikuta ameudhika na amefurahi kwa pamoja, kitu ambacho hakikuwahi kumpata kazini.

Jioni alimsimulia mkewe. Mama Pacha akamaliza kucheka, akafikiri.

"Hiyo mashine si itatumika pia siku ya wageni?"

"Itatumika."

"Basi waambie asiyesomeka hana mgeni. Mashine itajuaje mama yake amekuja kumwona nani?"

Radi akalitangaza uwanjani, na mkuu wa gereza akaongeza lake: watakaosomeka watahamia bustani ya mboga, kokoto zimetosha. Hapo vidole vikawa kama mayai. Watu walikula kwa kubana kijiko kati ya viganja. Waliomba wafunguliwe vifungo vya shati na wenzao. Mtu akisogelea ukuta, alizomewa. Na jioni foleni ya losheni ilisukumana.

"Afande, mimi bado! Mke wangu anakuja Jumapili!"

Binti fundi aliporudi, mashine ikawaka kijani kwa kila mtu, na nyapara akabusu kidole chake mwenyewe. Alikuwa pia wa kwanza kuachiwa kwa utaratibu mpya. Aliweka kidole pale mapokezi, geti likafunguliwa, na ile sauti tamu ikamwambia, "Asante kwa kututembelea. Karibu tena."

"Sirudi ng'o!" alijibu, akatoka mbio.

Radi alihamishiwa mapokezi, mezani kwenye mashine. Siku chache baadaye akaletewa mfungwa mpya, jitu la kutisha, mwizi wa kuku aliyekana kila kitu mpaka siku ya hukumu. Radi akaushika mkono wake ili auweke kwenye kioo, akaona ngozi imekauka, na vidole vyake vyenyewe vikaanza: kiganja kwanza, halafu kidole kimoja kimoja.

Jitu likabadilika rangi. Likamtazama askari huyu mkubwa, aliyetulia, anayelisugua mkono bila kusema neno, na jasho likaanza kulitoka.

"Basi, afande, basi! Nasema! Na ile pikipiki ni mimi!"

"Ehe," alisema Radi, akiuvuta mkono wa pili. "Endelea."