Wa Kumwitikia Mzee wa Marekani

Juzi nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya shule moja ya sekondari huku Chakol, karibu na mpaka wa Uganda, nikimngoja mwalimu mkuu. Dirisha la darasa la jirani lilikuwa wazi. Mwalimu wa fasihi alikuwa anawaanzishia wanafunzi tamthilia ya Kimarekani iliyotafsiriwa, kisa cha familia inayosambaratika. Baba wa nyumba hiyo, alieleza, hukaa mezani na watoto wake akiongea na mamake aliyekufa zamani. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: WAZIMU.

Msichana wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, kwani hakuna mtoto alipewa jina ya huyo nyanya?"

"Hakuna. Hilo linahusu nini?"

"Mimi nilipewa ya mamake baba. Baba ni dereva wa lori. Akirudi safari ananiita Mama, ananiambia vile foleni ya malori pale mpaka wa Malaba imemsumbua, kila kitu. Na hakuna mtu husema ni wazimu."

"Na wewe unafanya nini?"

"Namwambia, 'Pole, mwanangu.' Halafu anakula."

Mwalimu aligeuka, akalitazama lile neno lake, akalifuta kwa kiganja. Hakuandika lingine.

Watahini watasahihishaje jibu kama la msichana yule, sijui. Mwalimu mkuu aliponiita, nilikuwa bado namwaza yule mzee wa Marekani: watoto wote wale mezani, na hakuna hata mmoja wa kumwambia pole, mwanangu.