Mkeka Chini ya Dari Mpya

Siku ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ni ile niliyoachiwa watu ishirini na dari moja, nami nikaenda kulala. Usicheke bado, pa kuchekea papo mbele.

Ilikuwa hapa hapa Bagamoyo, kabla Wadachi, hao Wajerumani, hawajatujia. Mjomba wangu, Fundi Athumani, alikuwa akijenga nyumba ya mawe ya tajiri mmoja wa pembe za ndovu. Vijana wenzangu walifuata misafara ya bara, wakarudi na hadithi za Tabora. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka jikoni kwa mama hadi barazani. Basi mjomba alipoitwa mazikoni kijijini Zinga, aliyekuwa karibu ni mimi.

"Dari ya chokaa hupigwa siku tatu mfululizo," aliniambia. "Isiachwe ikakauka kabla haijashikana. Wasimamie."

Kupiga dari siku zile kulikuwa kama harusi. Wanaume na wanawake walijipanga safu huko juu, wakaishindilia chokaa kwa magongo, zumari ikilia, Bi Mwanahawa akiwaongoza kwa nyimbo. Nami nimesimama na bakora ya mjomba, naitwa "Fundi! Fundi!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikulitia maji. Nilikwenda kula samaki wa kupaka wa mama, kisha nikajinyoosha kidogo. Hicho kidogo kilifika alasiri.

Niliporudi, zumari ilikuwa kimya. Watu wa kona ya kaskazini wamekaa, magongo mapajani.

"Wavivu nyie!" nikafoka. "Mimi nahangaika tanuruni kuwatafutia chokaa, nyie mmekaa!"

Bi Mwanahawa akanitazama kwa upole. "Pole, fundi. Na huko tanuruni siku hizi wanatandika mkeka?"

Nikajishika shavu. Ukili wote wa mkeka ulikuwa umejichapa hapo, mstari kwa mstari. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata mlangoni. Walicheka mpaka mpiga zumari akakosa pumzi. Tangu hapo nikisema "Pigeni!" waliinua magongo kama wanaofukuza nzi. Kona ile ikakauka hivyo hivyo. Nami, kwa werevu wangu, nikaipaka chokaa laini ikang'aa kama sahani. Mjomba aliporudi nikamwambia mambo shwari.

Wiki zikapita, ikafika siku ya kuondoa miti iliyotegemeza dari. Kwetu mafundi desturi ilikuwa moja: aliyesimamia kazi hukaa chini ya dari yake wakati mti wa mwisho unatolewa.

"Tandika mkeka wako, mpwa wangu," akasema mjomba mbele ya watu. "Ukae."

Safari hii hakuna aliyecheka. Waliokuja kutoa miti walisimama mlangoni wakinitazama, maana nao wangeingia chini yake.

"Mtu asiingie, mjomba. Kona ya kaskazini haikupigwa vizuri. Nilikwenda kulala, kisha nikaifunika kwa chokaa."

Nilingoja kiboko. Mjomba akanyoosha mkono tu. "Nipe bakora yangu. Wewe chukua gongo."

Tukaivunja kona ile, tukaimwaga upya. Siku tatu nilishindilia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama aliniletea chakula huko huko juu, akilalamika kwamba nimehama nyumba. Wa kwanza kusimama kando yangu alikuwa Bi Mwanahawa.

"Inua gongo, mwanangu. Hutwangi kisamvu hapa!"

Ilipokauka vyema, nikatandika mkeka nikakaa. Kabla mti wa mwisho haujatolewa, Bi Mwanahawa akaingia na wapigaji wake, bila kuitwa na mtu.

"Sogea," akasema. "Au mkeka huu wajua kuulalia peke yako tu?"

Mti ukatoka. Vumbi kidogo likaniangukia kofiani. Basi.

Mwanangu, ukipewa watu, usidhani umepewa na imani yao. Hiyo huitafuta mwenyewe, na bakora haiileti. Nyumba njema si mlango. Ukikosea, usipake chokaa juu. Sema mapema, kabla mtu hajaingia chini yake, kisha ushike gongo nao.

Mungu akujaalie viganja vyenye sugu, shavu lisilo na alama za mkeka saa za kazi, na watu wa kukwambia "sogea" siku mti wa mwisho unapotolewa. Amin.