Karata za Alhaji

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Alhaji, bosi wangu hapa Makambako, alinunua kompyuta, ya kwanza mtaani kwetu. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri alijifungia nayo ofisini, nasi tukanong'ona kwa heshima: mzee anapanga safari za malori yake.

Juzi nikaiwasha niifanyie usafi, nikakuta mchezo wa karata uliokuja nayo kutoka dukani. Karata, kwa mtu aliyehiji! Mimi na cheti changu cha kompyuta cha wiki tatu, nilichokipata Njombe, nikaufuta bila kuuliza. Madereva walipojaa ofisini nikatangaza, nikingoja sifa: "Alhaji, yale makarata nimeshakuondolea kwenye kompyuta!"

Alhaji akavua miwani. "Binti yangu," akasema taratibu, "sasa nikijifungia nitakuwa nafanya nini?"